Picha za Mama Buriani

Mteja alikuwa amenyolewa upande mmoja tu wa kichwa pale mke wa Kinyozi alipoingia dukani, chupa ya chai mkono wa kulia na simu mkono wa kushoto. Hakuwa na haja yoyote na mteja. Alikuja kumletea mumewe chai na kuchomeka simu, maana umeme wa nyumbani ulikuwa umekatika tangu jana yake. Lakini mteja alipomwona kwenye kioo, akaiona na ile simu, aliruka kitini kama aliyemwagiwa maji ya moto, shuka ya kunyolea ikiwa bado shingoni.

"Bwana, tulia, nitakukata!" Kinyozi akasema, mashine ya kunyolea ikinguruma hewani.

"Nikate tu, afadhali wewe," mteja akajibu, amejifunika uso kwa ile shuka. "Huyo mwambie aelekeze hicho kitu kwingine."

"Ni simu, kaka. Inataka chaji," mke akasema.

"Hata marehemu fundi viatu aliambiwa ni simu."

Akatoka hivyo hivyo, nusu msitu nusu uwanja, akavuka barabara na shuka ya watu shingoni. Wauza nyanya ng'ambo ya pili walimcheka mpaka wakashikana mabega. Kisha wakamwona mama aliyesimama mlangoni mwa kinyozi, na kicheko kikakatika, kila mmoja akainamia nyanya zake kana kwamba ndiyo kwanza azione.

Kinyozi alizima mashine. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomuuma mkewe zaidi.

"Umeona, mama watoto? Nitamdai vipi hela ya nusu kichwa?"

---

Mji wenyewe ni mdogo. Una mto mmoja, daraja moja la mawe, barabara ya miti inayodondosha maua ya zambarau mpaka lami ionekane imetandikwa zulia, na watu wanaojuana hadi kikohozi. Mke wa Kinyozi aliupenda kama mtu anavyompenda mtoto wake mwenye chongo, bila kuona kasoro. Kila asubuhi alikuwa anashuka mtoni na kupiga picha moja, anairusha kwenye ukurasa alioupa jina Mji Wetu Leo. Leo ukungu umelala juu ya maji. Leo ndege wa njano wanafuma viota kwenye matete, dume anajenga na jike anakuja kukagua, akichukia anabomoa. Leo wanawake wa sokoni wanashushiana mizigo kichwani. Watoto wa mji waliokwenda kutafuta maisha mbali walikuwa wanaamkia ukurasa huo. "Nimeona daraja letu, mama, nimelia kazini," mmoja aliandika. Walimwita Mama Picha.

Kosa lake, kama ni kosa, lilikuwa siku za Ijumaa. Siku hiyo aliwawekea wazee. Aliona wazee wa mji wanaondoka bila hata mtu mmoja kuwa na picha yao wakicheka. Wana zile za kitambulisho tu, walizotazama mbele kama washtakiwa. Basi akawa anachagua walio wakubwa zaidi, waliochoka zaidi, akisema vijana watasubiri. Akampiga fundi viatu na misumari mdomoni, macho yakicheka. Akampiga muuza mchicha akiwa amepakata fungu kama mjukuu. Akampiga mwalimu mkuu mstaafu amelala kwenye kiti chake, gazeti limemfunika kifua.

Wazee nao wakafanya yanayofanywa na wazee. Fundi viatu alitangulia. Binti yake alikuja kuomba ile picha, ikakuzwa steshenari, ikabebwa mbele ya jeneza, na watu wote wakasema haijapata kutoka picha nzuri ya marehemu kama hiyo. Kisha muuza mchicha. Kisha mwalimu mkuu. Kila mara mke wa Kinyozi alirudi kwenye ukurasa akaondoa rangi kwenye picha ya aliyefariki, ibaki nyeusi na nyeupe, kwa heshima. Hakufikiri zaidi ya hapo. Lakini mtu akipitia ukurasa ule kwa kidole, ilikuwa kama kuangalia taa zinazozimwa moja moja nyumba nzima.

Nani alianza kusema, hakuna anayejua. Aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote anajulikana: ni mwenye mashine ya kusaga nafaka, ambaye wote walimwita Bwana Mashine. Yeye ndiye aliyeandika kwa chaki ukutani HAPA HAPIGWI PICHA. Yeye ndiye aliyelitoa lile jina jipya, Mama Buriani, siku mke wa Kinyozi alipokwenda kusaga mahindi.

"Wewe simama nje," alimwambia mbele ya foleni nzima. "Ndoo yako ipitishwe na watu."

"Simu nimeiacha nyumbani, kaka."

"Na macho umeyaacha? Haya, akina mama, mpokeeni ndoo Mama Buriani."

Foleni ikacheka, kile kicheko cha mtu anayeogopa asipocheka atageukiwa yeye. Ndoo ikapita mikono kwa mikono, ikarudi na unga mikono kwa mikono, na hakuna aliyeigusa kwa kiganja kizima. Bwana Mashine aligeukia injini yake. Mkono wake wa kushoto ulikuwa ukimfa ganzi tena. Daktari alikuwa amemwambia jambo kuhusu moyo wake, jambo ambalo hakumwambia hata mkewe, na tangu siku hiyo kila kitu kilichomkumbusha kifo alikuwa anakifokea.

---

"Ufunge tu," Kinyozi alisema siku ile ya nusu kichwa, wakila. "Ukurasa si mtoto. Ufunge."

"Nikiufunga watasema nimekubali."

"Usipoufunga watasema nini? Leo nimenyoa mtu mmoja na nusu."

Mama yake Kinyozi, waliyezoea wote kumwita Bibi, alikuwa mkekani akimenya njugu kwa vidole alivyoviamini kuliko macho. Walidhani hasikii. Bibi alikuwa anasikia anapotaka.

"Kwani hao watu wenu wanaogopa nini?"

"Wanasema akikupiga picha unakufa, mama," Kinyozi akajibu.

"Ehe. Na asipokupiga?"

Kinyozi akarudi kwenye sahani yake.

"Nipige mimi," Bibi akasema. "Kuna mzee kunishinda katika mji huu? Nipige, uniweke hiyo Ijumaa yenu, halafu nikae hapa niwaaibishe mpaka wachoke. Nitakufa nikipata nafasi, si wakipenda wao."

"Mama, acha mzaha," Kinyozi akasema.

"Nani anafanya mzaha? Mkwe wangu, kesho unipeleke mtoni. Na hii gauni ya nyumbani siitaki, nitafutie ile ya maua."

Kinyozi alikataa, akashindwa. Kukataa mbele ya Bibi ilikuwa kazi ya kutoka jasho tu. Asubuhi mkewe alimshika mkono Bibi, wakateremka polepole hadi kwenye jiwe la kufulia. Bibi akakaa, akavua viatu, akatumbukiza miguu majini. Maji yalikuwa ya baridi, akapiga kelele kama msichana, na hapo ndipo picha ikatoka: mdomo wazi, jino lake moja, maji yakiruka, ndege wa njano nyuma yake wametimka wote kwa pamoja kutoka kwenye matete. Haikuwahi kutoka picha nzuri kuliko ile.

Akairusha. Wa mbali wakaandika mioyo na vicheko. Wa mjini hawakuandika kitu. Waliangalia, wakazima simu, wakaanza kungoja.

---

Nyumba yote sasa ikawa na kazi moja: Bibi asife.

Haisemwi hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kinyozi, ambaye tangu zamani alimpenda mama yake kwa amani, akaanza kumpenda kwa wasiwasi. Alimkataza kukaa kibarazani kwa sababu ya upepo, akamkataza kukaa ndani kwa sababu ya moshi. Mkewe akipika alitoa miiba ya samaki mmoja mmoja mpaka samaki anabaki uji.

Watu nao wakaanza kupita. Ambao hawakupita njia ile miaka mingi wakagundua kumbe ni njia ya mkato. "Hodi, tumekuja kumjulia hali Bibi." Wakiingia wanamwangalia vidole, wanamwangalia macho, wanasikiliza pumzi. Siku moja alifika hata mwenye viti vya kukodisha.

"Nilikuwa napita tu," akasema, kofia mkononi.

"Pita," Bibi akamwambia. "Mlango wa kutokea ni huo huo ulioingilia. Na viti vyako vya plastiki havinifai, vinabana matako."

Walicheka siku ile, wote watatu, mpaka Kinyozi akafuta machozi. Kicheko cha Bibi kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikuisha.

Labda ni yale maji ya mto. Labda ni uzee. Mwuguzi wa zahanati alimsikiliza kifua, akasema mapafu yana maji kidogo, akatoa vidonge na dawa ya chupa, akasema apumzike. Walipotoka zahanati, Kinyozi amembeba mama yake mgongoni kama yeye alivyobebwa zamani, barabara nzima ilikuwa imesimama. Mwanamke mmoja alimgeuza mwanawe akamfunika uso na nguo yake.

Dukani sasa hakuingia mtu kabisa. Kinyozi alikuwa anafagia asubuhi sakafu isiyo na nywele, anakaa kwenye kiti cha wateja, anajitazama kwenye kioo. Alitaka kukasirika lakini hakupata wa kumkasirikia. Mkewe hakufanya kosa. Mama yake alitaka kusaidia. Na watu wale hawakumtukana. Walimsalimu vizuri, wakapita, wakaenda kunyolewa stendi.

"Ninaweza kuifuta ile ya mama," mkewe akamwambia.

"Ukiifuta watasema unakimbia. Ukiiacha tunangoja." Akamtazama. "Ulikuwa unapiga maua, mama watoto. Si ungebaki na maua tu?"

Mkewe alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha Bibi, ameushika mguu wa mkwewe chini ya blanketi, akiupasha moto kwa viganja.

---

Injini ya mashine ya kusaga ina sauti ambayo mji wote hauisikii tena, kama mtu asivyosikia moyo wake. Adhuhuri moja mlio wake ukabadilika. Ukawa mwembamba, wa juu, wa mashine inayozunguka bila nafaka. Watu waliinua vichwa sokoni. Walipofika walimkuta Bwana Mashine amekaa chini, ameegemea magunia, uso mweupe wa unga kama siku zote, debe la mahindi bado mapajani. Ilichukua muda kujua kwamba amekufa. Ikachukua muda zaidi kumpata anayejua kuizima ile injini.

Jioni, kabla ya taa kuwashwa, mjane wake alibisha mlango wa nyuma wa nyumba ya Kinyozi. Alikuja kwa uani, mtandio umemfunika hadi puani. Mke wa Kinyozi alimpokea, akamkalisha jikoni kwenye kibao cha mbuzi ya nazi, maana ndicho kilichokuwa karibu.

"Pole, dada. Pole sana."

"Nishapoa." Alikuwa anaangalia jiko. "Sijui nianzeje. Yeye hakutaka picha. Unajua mwenyewe."

"Najua."

"Ya harusi ililiwa na mchwa. Ya kitambulisho imefutika, imebaki sikio na kola. Wanangu wawili wadogo, dada. Yule wa mwisho kaniuliza leo hii, baba alikuwa anafanana na nani? Kaniuliza baba yake bado hajazikwa." Akamshika mkono. "Wewe unapiga kila mahali. Hata kwa bahati mbaya. Hata mgongo."

Kinyozi alikuwa amesimama mlangoni. Alimtikisia mkewe kichwa, taratibu, mara ya kwanza na mara ya pili. Kisha akamwita pembeni, kwenye ndoo za maji.

"Unayo?"

"Ninayo."

"Sema huna."

"Baba watoto..."

"Nisikilize. Huyu ndiye mtu pekee ambaye wote wanajua hukumpiga. Ndiye aliyekutukana, akakuandikia ukutani, na kafa bila picha. Ni Mungu tu katusaidia, hata kama ni dhambi kusema. Watu watafikiri. Watasema, kumbe mtu hufa hata bila Mama Buriani. Ukiitoa hiyo picha, umejimaliza. Umetumaliza."

Kila neno lake lilikuwa kweli. Mkewe alilijua hilo. Alisimama pale, mkono ndani ya ndoo, maji yakimfika kwenye kiwiko, kama aliyesahau alichokuwa anachota. Chumbani Bibi alikuwa anakohoa. Jikoni mwanamke mwenzake alikuwa anangoja bila kulia, na hakuna kitu kigumu kama kumsikia mtu halii.

Akaenda kuchukua simu.

Ilibidi arudi nyuma sana, kupita wanawake wa sokoni, kupita maua ya zambarau na ukungu. Picha ile aliipiga kutoka darajani, kabla ya ile chaki ukutani, na hakuiweka popote kwa sababu hakuwa amemwomba ruhusa. Ni nyuma ya mashine, pale panapomwagwa pumba. Bwana Mashine amepiga goti. Amenyoosha mikono yote miwili, viganja vimejaa pumba, na njiwa wamemkalia mikononi, mabegani, mmoja juu ya kofia. Anacheka kwa mdomo uliofumbwa, asije akawashtua.

Mjane aliitazama. Alikuza uso kwa vidole viwili, akaurudisha, akaukuza tena.

"Anawalisha," akasema. "Hajapata kuniambia kama analisha ndege." Na hapo ndipo alipolia.

Alipokuwa anaondoka, mke wa Kinyozi alimfuata hadi uani. "Dada, nakuomba kitu kimoja. Usiseme imetoka kwangu."

Mjane alimtazama kwa huruma ya kweli.

"Nitasema imetoka kwa nani, mdogo wangu? Kuna nani mwingine?"

---

Picha ilibebwa mbele ya jeneza, imekuzwa, na njiwa wake wote. Ilikuwa nzuri mno. Ndiyo shida yake. Watu waliokuja kwa huzuni ya kawaida waliiona wakalia, na walipomaliza kulia wakaanza kuuliza.

"Kumbe naye alipigwa?"

"Alipigwa kwa siri, masikini. Toka kule darajani."

"Ndiyo maana alikuwa anamkataa. Alijua."

Yule mteja wa nusu kichwa alikuwepo, amevaa kofia ya sufu juani. Aliivuta tu kofia ikafika kwenye nyusi.

Kinyozi na mkewe walisimama mwisho kabisa, karibu na ukuta. Nafasi iliyowazunguka ingetosha kuegesha gari. Mjane alijaribu, alisema kwa sauti, mbele za watu, kwamba anamshukuru jirani yake kwa kumpa sura ya mumewe. Watu wakaitikia kwa vichwa. Wakasema, mjane ana uchungu, hajui asemalo.

Bibi akapona. Kikohozi kiliondoka kilivyokuja, bila kuaga. Siku aliyopata nguvu alidai gauni ya maua, akatoa kigoda mpaka ukingoni mwa barabara, akakaa.

"Mimi hapa!" akawa anawaambia wapitao. "Nilipigwa picha na miguu majini! Mnaniona?"

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mnaniona, au mnaona kigoda?"

"Tunakuona, Bibi. Mungu akuweke."

Wanapita, wakifika mbali kidogo wanaambiana kwamba yule ni mama mkwe wake, na wa nyumbani kwake hawezi kuwagusa. Bibi alikaa pale siku nyingi, akiwa hai kwa nguvu zake zote, na haikusaidia kitu. Mwisho akachoka, akarudi kwenye njugu zake.

Asubuhi moja Kinyozi alikuta ile shuka ya kunyolea imening'inizwa kwenye kitasa cha duka, imefuliwa na kupigwa pasi, aliyeileta hayupo. Aliikunjua akaitazama. Akaikunja, akaiweka ndani juu ya shuka nyingine, akafunga duka tena kabla hajaanza kazi. Siku ile alikwenda stendi kumwuliza yule kinyozi mwingine, kijana ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika mashine, kama anahitaji mtu wa kumsaidia.

Mkewe hakuufunga ukurasa. Alishuka mtoni kama siku zote. Ukungu ulikuwepo, ndege wa njano walikuwepo, dume anajenga na jike anabomoa. Nyuma ya mashine ya kusaga, iliyofungwa kwa kufuli, njiwa walikuwa wamejipanga kwenye ukingo wa bati wakiangalia chini. Akawapiga hao, akawarusha.

Alikuwa bado darajani simu ilipolia. Ni mmoja wa wale watoto wa mbali, yule aliyelia kazini kwa sababu ya daraja.

"Asante mama, mji wetu mzuri sana," alikuwa ameandika. "Lakini siku hizi naona miti na ndege tu. Watu wamekwenda wapi?"

Alianza kuandika jibu refu. Akalifuta. Akaanza jingine, akafuta na hilo. Mwisho akaandika: Wapo.

Alipoinua kichwa alimwona mwanamke mwenye ndoo kichwani mwisho wa daraja, amesimama amempa mgongo, anangoja. Haijulikani alikuwa amengoja muda gani. Ndoo ilikuwa imejaa, na maji yalikuwa yanamchuruzikia shingoni kwa kusimama.

Mke wa Kinyozi alizima simu, akaisokomeza kifuani ndani kabisa, akanyoosha mikono yote miwili ionekane mitupu.

"Pita, dada," akasema. "Nimeshaiweka."